Mfululizo mwingine wa sarafu? Haya, leteni tu

Kila ikitangazwa seti mpya ya sarafu za kumbukumbu, sisi watu wa sarafu tunaanza fujo zetu zile zile. Mmoja atasema jamani tumechoka, wa pili atasema michoro ni mibaya kuliko ya mwaka jana, wa tatu atauliza zinaanza kutoka lini, na ukichunguza vizuri utakuta wote watatu ni mtu huyo huyo, asubuhi analalamika na usiku kakuza picha za michoro mpaka anasoma herufi za jina la mchongaji. Mi niko humo humo, sijitoi. Ila nimekaa nikajiuliza hivi kinachotuudhi ni nini hasa, manake hatuudhiki na zote, kuna seti zinatoka tunashangilia kama watoto na kuna nyingine tukiiona tu tangazo tunasonya.

Kwanza tuelewane kitu. Kuna sarafu ya kumbukumbu inayoingia mtaani, unarudishiwa kwenye chenji kwa thamani ile ile iliyoandikwa juu yake na hujalipa hata senti ya ziada. Halafu kuna ile inayozaliwa ndani ya boksi, ina cheti, ina sponji ya kuizunguka, inauzwa mara nyingi zaidi ya thamani iliyoandikwa na haitakaa ipite mkononi mwa muuza duka yeyote mpaka dunia iishe. Zote zinaitwa za kumbukumbu na zote kisheria ni pesa, lakini kwangu mi hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na nusu ya ugomvi wetu unatokana na kuvichanganya.

Chukua robo dola za majimbo za Marekani, yaani sarafu za senti 25 zenye mchoro mmoja kwa kila jimbo, hizo naamini ndizo zilizotuharibu wengi. Zilianza 1999 na Delaware zikaisha 2008 na Hawaii, tano kila mwaka, moja karibu kila wiki kumi, kwa kufuata jimbo lipi liliridhia katiba au kuingia kwenye muungano mapema. Zilitengenezwa takribani bilioni 34! Yaani hakuna mtu wa Marekani aliyeweza kusema amenyimwa nafasi. Watu ambao hawajawahi kukusanya chochote walinunua ramani ya kadibodi yenye matundu 50 wakawa wanajaza tundu moja moja, wazazi wanakagua chenji kabla ya kulipa, babu anamtunzia mjukuu. Hakuna aliyejaza fomu, hakuna aliyekesha kwenye intaneti akisubiri tovuti ifunguke. Unanunua kitu, unapewa chenji, unaangalia nyuma ya sarafu, basi umeshaingia kwenye mchezo.

Na serikali ilifaidi vibaya mno. Robo dola moja wakati ule ilikuwa inagharimu senti chache tu kuitengeneza, hazina inaitoa kwa senti 25, na wewe ukiifungia kwenye albamu hairudi tena, ile tofauti imebaki kwao jumla. Kwa hiyo ukisikia nchi imetangaza sarafu za madaraja usidhani kuna mtu pale juu anapenda sana madaraja. Hilo halinisumbui kusema kweli, biashara ni biashara, na kwa robo dola zile kila mtu alipata chake, serikali hela, sisi mchezo.

Kilichofuata ndicho kilianza kututia uchovu. 2009 zikaja sita za Washington D.C. na maeneo ya ng'ambo ya Marekani. 2010 mpaka 2021 zikaja 56 za hifadhi na maeneo ya kihistoria. 2022 mpaka 2025 wakaja wanawake 20, watano kila mwaka. 2026 ni miaka 250 ya taifa lao, na sheria iliyopitishwa imeshasema kuanzia 2027 mpaka 2030 ni zamu ya michezo ya vijana. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyeanza na Delaware akiwa shule ya msingi leo ana watoto wanaosoma shule hiyo hiyo na bado hajamaliza, na kumbuka kila mchoro unatoka kiwanda cha Philadelphia ukiwa na herufi P na cha Denver ukiwa na D, kwa hiyo mwenye roho ya kukamilisha anazidisha kila kitu mara mbili, na San Francisco wana zao za kung'aa kama kioo kwa ajili ya maboksi, na za fedha halisi pembeni. Hapo ndipo unapoona mtu mzima anaguna.

Ila wanaosema "zamani haikuwa hivi" nawaomba wakasome kidogo, zamani ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ya 1930 huko huko Marekani nusu dola za kumbukumbu zilikuwa ni vurugu tupu. Utaratibu ulikuwa hivi, bunge linapitisha sheria, kiwanda kinatengeneza, kamati fulani ya sherehe inazichukua zote kwa thamani iliyoandikwa halafu inawauzia watu kwa bei inayojipangia yenyewe. Ukishawapa watu mlango kama huo unategemea nini? Nusu dola ya Oregon Trail, ile njia ya wahamiaji kwenda magharibi, ilianza 1926 ikawa inatolewa, inasimama, inatolewa tena mpaka 1939, kumbukumbu ya safari moja ile ile kwa miaka 13. Ya Daniel Boone, mwindaji na mvumbuzi wao wa zamani, ilianza 1934 ikaendelea mpaka 1938, na hapo katikati, kwenye za 1935, wakaongeza tarakimu ndogo za 1934 kwa nyuma, eti toleo jipya, na za Denver na San Francisco za namna hiyo wakatengeneza elfu mbili na kidogo tu kila moja. Mwenye seti yake akaambiwa haijakamilika.

Lakini ninayoipenda kuliko zote kwa maana ya kuichukia ni ya Cincinnati ya 1936. Ilisema inaadhimisha miaka 50 ya mji ule kuwa kitovu cha muziki wa Marekani, yaani kuanzia 1886, na mpaka leo hakuna mtu aliyeweza kuonyesha huo mwaka 1886 kulitokea nini cha maana kwenye muziki pale. Mbele wakamchora mtunzi Stephen Foster, ambaye alifariki 1864! Alishawahi kuishi Cincinnati ni kweli, lakini alikuwa karani wa hesabu. Zikatengenezwa seti 5,000 tu kutoka viwanda vitatu na aliyekuwa nyuma ya mpango mzima ni mfanyabiashara ambaye naye alikuwa mkusanyaji, sehemu kubwa ya mzigo ikabaki mikononi mwa wachache na bei sokoni ikapaa. Ulanguzi mtupu, na umeandikwa "In God We Trust", yaani tunamtumaini Mungu.

Bunge lilipochoka likafunga bomba mwaka 1939 kwa zile za zamani zilizokuwa zinaendelea, zikaja chache baada ya vita, ya mwisho 1954, halafu kimya mpaka 1982 walipotoa nusu dola ya miaka 250 ya kuzaliwa George Washington. Watu wakafurahi, haya tumerudi kwa heshima. Haikuchukua muda, Olimpiki ya Atlanta ikaja na michoro 16 ndani ya 1995 na 1996, kila mmoja kwa namna mbili, ya kung'aa na ya kawaida, jumla 32. Wakusanyaji wakagoma kimya kimya, wakaacha tu kununua. Matokeo yake baadhi ya hizo ziliuzwa kidogo sana na leo ni kati ya ngumu kupatikana katika za kisasa, na wale waliozisusa ndio wanaozitafuta. Baada ya hapo wakaweka kikomo, kuanzia 1999 mada mbili tu kwa mwaka kwa zile za kuuzwa kwa wakusanyaji. Kwa hiyo malalamiko yetu ya sasa si mapya na pia si ya bure, tukiacha kununua wanasikia.

Ulaya nako wana yao. Euro mbili za kumbukumbu zilianza 2004 na Ugiriki, ile ya Olimpiki ya Athens yenye mrusha kisahani, na kanuni za mwanzo zilikuwa nzuri mno kwa mkusanyaji maana kila nchi iliruhusiwa moja tu kwa mwaka. Kuanzia 2012 zikawa mbili, ukiacha zile za pamoja ambazo nchi zote zinatoa mchoro mmoja. Nchi zenyewe nazo zinaongezeka. Ujerumani ndio wana tabu yao maalum, kila sarafu inatoka viwanda vitano, Berlin, Munich, Stuttgart, Karlsruhe na Hamburg, kila kimoja na herufi yake, A, D, F, G, J. Walianza majimbo yao 2006 wakamaliza 2022, na 2023 wakaanza raundi ya pili ya majimbo hayo hayo. Nilivyosoma ile habari nilicheka peke yangu.

Pamoja na hayo euro mbili bado naiheshimu kwa sababu nyingi zake zinapita mikononi mwa watu. Inakaa kwenye mfuko wa mtu pamoja na funguo, inachubuka, inavuka mipaka, unaweza kuwa Ureno ukapewa chenji ya Finland. Shida ni vinchi vidogo. Monaco 2007 walitoa ya Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtawala wao, zikatengenezwa 20,001, zikaenda kwenye maboksi, na tangu siku hiyo kila mwenye albamu ya euro mbili ana tundu moja ambalo haliwezi kuzibwa na bahati wala uvumilivu, linazibwa na pesa tu, pesa nyingi. San Marino na Vatican nao mara nyingi wanauza zao kwenye makasha. Kwa hiyo unamwambia kijana anayeanza "kusanya euro mbili, utazipata kwenye chenji" halafu inabidi ushushe sauti umwambie "isipokuwa...".

Waingereza wao na peni 50 yao. Sarafu ile imeanza 1969, ya kwanza ya kumbukumbu ikatoka 1973, mikono tisa imeshikana duara kwa ajili ya kujiunga na jumuiya ya Ulaya. Kwa miaka mingi walikwenda pole pole. Kisha ikaja Olimpiki ya London ya 2012 na michoro 29 ya michezo, ukiwemo ule wa kuelezea sheria ya kuotea kwenye mpira, na hapo mchezo ukawaka. Wanyama wa hadithi za watoto wa Beatrix Potter kuanzia 2016, peni 10 za alfabeti nzima 2018, A mpaka Z. Katikati ya yote hayo iko ile ya bustani ya Kew ya 2009, 210,000 tu, ambayo wala haikutengenezwa iwe adimu, idadi inategemea mabenki yanahitaji chenji kiasi gani na hiyo ndiyo idadi iliyotoka, watu walikuwa wanalipia nayo bila habari. Huo uadimu wa bahati mbaya ndio mtamu. Sasa hivi iliyoipita ni ya samaki wa Atlantiki, ya 2023, 200,000, na hiyo nayo iliingia mtaani kweli, mtu anaweza kuipata leo akinunua mkate. Mnaniona ninapoelekea.

Manake upande wa pili ndio huu sasa. 2004 zikatoka sarafu za Somalia zenye umbo la magita, seti nzima ya magita ya rangi tofauti. Niue, kisiwa kidogo Pasifiki, kimetoa sarafu za Star Wars na za wahusika wa Disney. Tuvalu, visiwa vya Cook, Palau, Liberia, majina haya ukiyaona kwenye sarafu uwezekano mkubwa ni kwamba kampuni fulani ya nchi nyingine imelipia haki ya kutumia jina la nchi, ikatengeneza, ikauzia watu wa nchi ya tatu, na mwananchi wa nchi iliyoandikwa hajawahi kuiona hata kwenye picha. Ina thamani iliyoandikwa, dola moja, dola mbili, nenda kalipie nayo kitu uone utakavyotazamwa. Sisemi ni mbaya kama pambo. Gita la Somalia ni zuri, nisidanganye. Lakini sarafu ambayo haijawahi kukusudiwa kununua chochote inakuwa imekumbuka nini kwa niaba ya nani?

Tena hata viwanda vikubwa vyenye heshima vimejifunza tabia hiyo. Mchoro mmoja utauzwa kwa shaba na nikeli, halafu huo huo wa kung'aa, halafu wa fedha, halafu wa fedha ya unene mara mbili, halafu wenye rangi, halafu wa dhahabu kwa wenye nazo, na kila kimoja kimeandikwa idadi ni chache wahi mapema. Chache mara sita si chache tena jamani. Na wale wanaonunua kwa kuambiwa ni akiba ya baadaye wanalia baadaye hiyo ikifika, kwa sababu nyingi za namna hii ukizipeleka kuuza unapewa bei ya madini yaliyomo na boksi unaambiwa kaa nalo.

Haya, nimesonya vya kutosha, nisionekane mzee wa kulaumu tu. Kuna vitu mifululizo mipya inafanya ambavyo sarafu za kawaida haziwezi. Robo dola za wanawake kwa mfano, zilivyoanza 2022 na mshairi Maya Angelou kanyoosha mikono, walibadilisha na upande wa mbele. Wakaweka sura ya Washington iliyochongwa na Laura Gardin Fraser, mama ambaye aliitengeneza kwa ajili ya mashindano ya kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa Washington, 1932 hiyo, akapendekezwa na wataalamu, na waziri wa fedha akaamua kuchukua ya John Flanagan. Miaka 90 baadaye sura yake ikaingia kwenye mabilioni ya mifuko. Bila mfululizo mpya ile kazi ingebaki kwenye makabati na vitabu. Ukiishika uangalie ile shingo na nywele zilivyochongwa kisha uweke pembeni ile ya Flanagan, kila mtu ataamua mwenyewe, mi nimeshaamua.

Na kuna kitu cha 2019 ambacho mpaka leo nakitolea mfano nikitaka kuonyesha kwamba viwanda vikiamua vinaweza. Kiwanda cha West Point kikatengeneza robo dola zenye herufi W, milioni mbili kwa kila mchoro, zikachanganywa kwenye sarafu za kawaida bila kuuzwa mahali popote. Wakafanya hivyo 2019 na 2020, michoro kumi. Milioni mbili inasikika nyingi ila weka pembeni ya mamia ya mamilioni ya P na D utaona ni tone. Watu wakarudi benki kuomba mafungu ya robo dola, wakarudi kwenye kukagua chenji, wazee walioacha wakarudi. Hakuna boksi, hakuna cheti, ni wewe na macho yako. Sasa linganisha na dola za marais zilizoanza 2007, nazo zilikuwa mfululizo wa kumbukumbu, wanne karibu kila mwaka, lakini Wamarekani hawataki sarafu ya dola wakati noti ya dola ipo, zikarundikana kwenye maghala mpaka zaidi ya bilioni 1.4, na mwisho wa 2011 wakaacha kuzitengenezea mzunguko wakabaki kuwauzia wakusanyaji tu. Mfululizo ule ule wa picha za marais, ungekuwa juu ya sarafu ambayo watu wanaitumia ungekuwa na maisha mengine kabisa.

Kitu kingine ninachokidai ni mwisho. Japani walifanya mikoa yao yote 47, wakaanza 2008 wakamaliza 2016, ikajulikana toka siku ya kwanza zitakuwa 47 na zikawa 47. Pamoja na kwamba kila mkoa ulikuwa na ya yen 1,000 ya fedha na ya yen 500, mtu alijua anaingia nini na atatoka lini. Poland waliendesha zloti mbili zao za kumbukumbu kuanzia 1995, nyingi za rangi ya dhahabu, za wanyama, miji, wafalme, wasafiri, kila kitu, zikawa nyingi mpaka watu wanachanganyikiwa, na 2014 wakafunga wakahamia zloti tano zenye matoleo machache. Nasikia wapo waliosikitika. Mi ningeshukuru.

Kwa hiyo mimi siku hizi nachukua hivi. Mfululizo uwe unapatikana kwenye chenji na uwe na mwisho unaojulikana, nao nitaufuata mpaka tundu la mwisho, na herufi za viwanda nachukua yoyote itakayokuja, P au D sijali, wenye roho ya kuzitaka zote mbili nawaombea afya. Za boksi nachukua moja tu ikinigusa kwa mchoro, sio kwa sababu imekamilisha kitu. Na lile tundu la Monaco nimeliacha wazi, nimebandika hapo kikaratasi kimeandikwa 2007 na wala halinikoseshi usingizi, au tuseme halinikoseshi sana.

Za michezo za 2027 zikianza kutoka nitazingojea zije zenyewe. Ila kama kuna mtu ana W ya ziada, mchoro wowote, mwaka wowote kati ya ile miwili, tuongee tubadilishane, nina euro mbili za Ujerumani za J zimenizidi.